Zisionane

Nilipanda Mwakirunge na bomba la futi ishirini begani,
waya mweusi, kisanduku ndani ya boksi lake,
na antena ile ya miiba miiba
ambayo watoto wa njiani waliipa jina kabla sijatua mzigo:
Mwiba wa nguru! Fundi kaja na mwiba wa nguru!

Bi Mbodze alinipokea na kiti na malalamiko.
Hapa, baba, simu ni saa ya ukutani.
Ukitaka iseme, nenda kule kwenye kichuguu,
uyaelekee machimbo ya kokoto, uinue mkono wa kushoto,
na uwe huna haraka.

Nikaenda kukiona hicho kichuguu.
Juu kimekanyagwa hata kikang'aa kama kizingiti.
Pale, aliniambia, ndipo Nyanje alipoposwa,
bonde zima likisikia mahari inavyopungua;
pale deni la Dzombo, mifuko sita ya saruji,
lilijulikana hata na mbuzi.
Siri haikuwepo. Kilikuwepo kijiti kimoja cha mtandao,
kikija na kwenda kama paka wa jirani.

Nikazunguka paani, simu mkononi, hatua baada ya hatua,
nikisoma kwa sauti: mia na kumi na mbili,
mia na nne, tisini na nane.
"Zashuka," akasema kwa huruma, kutoka chini.
"Hizi, mama, zikishuka ndiyo heri.
Ni kama homa."

Mnara uko ng'ambo, nyuma ya kilima,
haujui kama huku kuna watu.
Nikauelekezea mwiba wangu, nikakaza nati,
nikapitisha waya dirishani,
nikafunga antena ya ndani juu ya kitanda chake.
Kisanduku kikawaka nyekundu, kikagoma.
Kosa langu: nilizikaribisha mno.

"Hizi mbili zisionane," nikamweleza.
"Ya nje ikiisikia ya ndani, hudhani ndio mnara.
Hupokea sauti yake yenyewe, ikaikuza,
ikaipokea tena, ikaikuza tena,
mpaka inabaki kelele tupu."
Alicheka akashika ubavu.
"Basi ni kama mimi usiku."

Nikaihamishia chumba cha pili,
ukuta wa udongo na bati la zamani vikawa pazia kati yao.
Taa ikageuka kijani.
Vijiti vinne. Alivihesabu kwa kidole, akarudia.
Kisha akanionyesha jina: Katsenga, Dammam.
"Mwanangu. Hunitafuta sana, hanipati.
Mwezi wa nane huu. Mtandao, baba, umenitia ukiwa."

Nilijishughulisha na misumari.
Kuna neno moja la kazi hii
ambalo sijapata mteja wa kuliuzia:
kisanduku hukuza kilichopo.

Tukanywa chai. Simu ikalia mara mbili.
Ya kwanza kampuni yenyewe, ikitangaza bahati nasibu.
Ya pili Nyanje, kutoka Jomvu, akitaka kujua
kama ni kweli sasa mtu aweza kunong'ona.
"Nanong'ona hivi, wanisikia? Na hivi?"
Bi Mbodze akasikia yote, akaitikia yote,
macho yakiwa kwenye kioo
kuona kama kuna mwengine anasubiri laini.

Kichuguu nilikipita nikishuka.
Majani yalikuwa hayajaota bado.

Wiki ya tatu akanipigia.
Sauti safi, karibu, kama yumo mfukoni mwa shati langu.
Nikauliza kama kisanduku kimeharibika.
"Kizima, fundi. Kizima mno.
Nilitaka kujua namna ya kukizima.
Usiku tu.
Nikiamka niseme huenda alipiga."

Nikamwambia: plagi, mama. Ichomoe tu.

Akaichomoa pale pale,
tukiwa bado twaongea.